Folio Tisa, Imetolewa kwa Muda

Kuna watu ukiwauliza kazi yao wanakujibu kwa cheo. Yeye alikuwa anajibu, "Natunza karatasi," halafu ananyamaza, kwa imani kwamba umeshaelewa yote. Jengo zima la wizara lilimwita Bi Folio, na si kwa mapenzi peke yake. Ukimpelekea barua pale masjala, chumba cha ghorofa ya kwanza ambako barua zote hupokewa na kuwekwa kwenye majalada, atakuuliza imetoka wapi, imefika saa ngapi, na ni nani aliyeikunja pembe. Akisharidhika ataipiga muhuri wa tarehe, ataitoboa matundu mawili, ataiingiza kwenye jalada lake, kisha atachukua kalamu nyekundu na kuandika namba kwenye kona ya juu kulia. Namba hiyo ndiyo folio. Barua ya kwanza ni folio ya kwanza, ya pili ni ya pili, mpaka jalada linenepe lifungwe. Na ikitokea karatasi imetolewa, pale ilipokuwa huwekwa karatasi ya badala: folio fulani imetolewa, na nani, tarehe ngapi. Bila hivyo, alikuwa akiwaambia makarani wapya, jalada linakuwa na pengo, na kwenye pengo kila mtu hutia uongo wake.

Mkurugenzi mmoja, ambaye siku hizi amestaafu anafuga kuku, aliwahi kumshukia asubuhi akitaka barua ya Jumatatu ipigwe muhuri wa Ijumaa iliyopita. Bi Folio akamwambia, "Mheshimiwa, karatasi ukiipoteza nitakusaidia kuitafuta. Lakini tarehe siidanganyi." Mkurugenzi akafoka, akatishia uhamisho, akaondoka na harufu yake ya marashi. Muhuri ukabaki wa Jumatatu, na habari ikawa imezunguka jengo lote kabla ya chai ya saa nne.

Sasa, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, kulikuwa na masjala nyingine, ya siri. Mlango wa chuma, makufuli mawili, na hakuna dirisha hata la kupitisha pumzi. Humo alikaa mzee mmoja mwembamba kwa miaka ishirini na mmoja. Walimwita Mzee Funguo, maana hata akienda msalani funguo zilikuwa zinamlilia kiunoni. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na alipoulizwa kazi amwachie nani, hakutaja wenye digrii zao. Alimtaja Bi Folio.

"Chumba chenyewe hakina dirisha, mzee wangu," Bi Folio alimwambia walipokutana kwenye ngazi. "Unataka nikaokwe."

"Utaokwa ukiwa na cheo, binti yangu. Wenzako wanaokwa bure."

Akacheka, akashuka ngazi bado anacheka. Lakini alikitaka kile chumba, jamani, alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka kazini. Miaka yote hiyo ametunza barua za viti vilivyovunjika, likizo za uzazi na vyoo vilivyoziba. Kule juu hakai mtu ila aliyeaminiwa kwa maandishi. Naye alitaka neno hilo liandikwe juu yake, lipigwe muhuri na lipewe namba.

Ila kabla ya kuaminiwa kuna kupekuliwa, na fomu ya upekuzi ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Akaipeleka nyumbani aijaze kwa utulivu, Jumamosi asubuhi, kwenye meza ya sebuleni, mama yake amekaa kwenye kochi miguu juu ya kigoda kwa sababu ilikuwa imevimba. Ulizaliwa wapi, umesoma wapi, umewahi kushtakiwa, unakunywa pombe, umewahi kulazwa. Alijaza maswali kumi na matatu bila kunyanyua kichwa. La kumi na nne likasema: Taja ndugu zako wote wa damu wanaoishi nje ya nchi. Kalamu ikasimama.

"Wameuliza nini hao?" mama yake akasema. Alikuwa na miaka sabini na minane, macho yamefifia, lakini masikio yake yalisikia hata kalamu ikinyamaza.

"Ndugu walioko nje, mama."

"Huna."

"Mama."

"Nimesema huna. Miaka kumi na tisa mwanangu yuko salama kwa sababu jina lake haliko kwenye karatasi ya mtu. Leo wewe dada yake, kwa mkono wako, unataka ulirudishe? Kwa ajili ya chumba kisicho na dirisha?"

"Wakija kugundua nimemficha ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Mficha maradhi..."

"Usinipigie methali," mama akamkata. "Methali nilikufundisha mimi."

Huyo asiyetakiwa kuandikwa ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Walipishana miaka saba, na dada ndiye aliyembeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe. Miaka kumi na tisa nyuma kijana alikuwa anasomea upimaji ardhi kwenye chuo kimoja, na dada yake, ndiyo kwanza ana miaka ishirini na saba, alikuwa karani wa masjala ya chuo hichohicho. Wanafunzi wakagoma. Mgomo ulianza kwa maji ya bwenini, ukaishia kwa vioo vya ofisi kuvunjwa na gari la serikali kuchomwa moto. Nani aliyelichoma, Mungu peke yake anajua mpaka leo. Mdogo mtu alikuwa msemaji wa wenzake. Domo alikuwa nalo, tena kubwa, ila kiberiti hakuwa nacho.

Jumatano asubuhi ikaja barua kwa mkuu wa chuo. Dada akaipiga muhuri, akaiandika kwenye rejista, akaitoboa, akaiweka kwenye jalada la Nidhamu ya Wanafunzi, akaandika tisa kwa wino mwekundu. Ndipo akaisoma. Ndivyo alivyojizoeza, namba kwanza, kusoma baadaye, ili umbeya usimcheleweshe. Barua ilisema wanafunzi saba waliotajwa hapa chini wakabidhiwe kituo cha polisi kesho yake saa mbili asubuhi. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake.

Mimi simlaumu kwa alichofanya. Wewe mlaumu ukitaka, ila kwanza uwe na mdogo. Aliitoa ile barua, akaikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kiatu. Lakini sikilizeni alichofanya baada ya hapo, maana ndicho kilichokuja kumponza. Mtu mwingine angefunga jalada na kwenda zake. Yeye alitazama akaona nane, halafu hakuna kitu, na miguu ikakataa kuondoka. Akachukua karatasi nyeupe, akaandika: Folio 9 imetolewa kwa muda. Akaweka tarehe. Akaweka saini yake. Akaitoboa, akaiweka mahali pake, akafunga kamba ya jalada vizuri kama siku zote. Ameiba, halafu ameacha risiti.

Jioni ile, dada akishamwambia, kijana akavuka mpaka juu ya lori la saruji, baada ya kuwatonya wenzake. Wanne walikimbia kama yeye. Wawili walidharau, wakashikwa, wakakaa ndani wiki sita. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kusoma karatasi ya juu tu, na ile ya tisa hakuwahi kuifikia. Hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata dada akahamishiwa wizarani, na barua ikahama naye, kwa sababu kuichoma alishindwa. Nyaraka hazichomwi bila idhini, na idhini angeiomba kwa nani? Ikakaa ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati.

Kijana naye akawa fundi rangi huko ng'ambo. Akaoa, akapata mapacha wa kiume. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri ikishapita, alipiga simu, na kila mwaka lazima aulize swali lilelile, "Dada, karatasi zinasemaje?" Kwake yeye, dada ndiye aliyekuwa serikali. Na dada alimjibu kila mwaka, "Bado. Tulia hukohuko."

Hapa kuna jambo lazima niliseme ingawa linaniuma. Dada hakujua karatasi zinasemaje. Chuo kilipovunjwa, majalada yake yaliletwa stoo ya chini ya wizara, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyapokea. Lile la Nidhamu ya Wanafunzi alilipanga rafu ya tatu bila kugusa kamba yake, na kila wiki alipita mbele yake akienda kutafuta mengine. Kulifungua kulihitaji kujaza daftari la stoo: nani amelichukua, lini, kwa sababu gani. Kulifungua bila kujaza daftari asingeweza, hakuumbwa hivyo. Na kuandika jina lake daftarini, kando ya jina la jalada lile, aliogopa. Kwa hiyo hakulifungua, na akaendelea kujibu bado.

Kuna mwaka mdogo wake alisikia kwamba mmoja wa wale saba amerudi nyumbani, anafanya kazi zake, hakuna anayemuuliza. "Dada, lisemwalo lipo," akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa na haraka. Dada akamjibu kwa ukali, "Lisemwalo si barua. Usithubutu." Hakuthubutu. Hata baba yao alipofariki, miaka sita iliyopita, mazishi aliyasikiliza kwa simu ambayo dada yake aliishikilia juu, karibu na kaburi, mpaka mkono ukafa ganzi.

Basi turudi kwenye meza ya sebuleni. Alikaa pale nusu saa. Mwishowe akaandika jina la mdogo wake, kazi yake, mji anaoishi na namba ya simu. Mama akageukia ukutani, na hakusema naye tena mpaka jioni, tena alisema tu kwamba chai imepoa.

Akaendelea mpaka swali la kumi na tisa: Je, umewahi kuondoa, kuficha au kuharibu nyaraka za ofisi? Akalisoma mara mbili. Akaweka kistari. Maana ya kistari aliijua vizuri, amewafundisha makarani wangapi: nafasi wazi ni uzembe, kistari ni jibu. Kistari maana yake hakuna. Akasaini ukurasa wa mwisho.

Wiki zilizofuata mpekuzi akawa anazunguka. Hukumwona, ulimsikia. Alifika dukani, akafika kwa fundi viatu, akafika kwa jirani yao waliyemwita Mama Redio, na ukishamwendea Mama Redio hakuna siri tena mtaani. Jioni hiyohiyo alivuka ua akiwa na khanga begani.

"Amekuja mwanamume mmoja wa miwani, mpole, kaniuliza habari zako," akasema. "Kama unalewa, kama unagombana, unatembelewa na nani. Nilikusifia mpaka nikaona aibu mimi mwenyewe."

"Umesema nini?"

"Nimesema huna baya. Nimesema hata taka zako unazipanga. Ila akauliza, mdogo wake wa kiume hapigi simu? Nikamwambia anapiga, Jumapili, na siku hiyo mama mtu huvaa gauni jipya kupokea simu." Mama Redio akamkazia macho. "Nimekosea?"

"Hujakosea," Bi Folio akasema. Ndipo akajua kwamba hata gauni la kupokelea simu mtaa mzima unalijua. Usiku ule hakulala vizuri.

Akaitwa Jumanne, chumba cha chini, meza moja, viti viwili na birika la umeme kwenye kona. Mpekuzi alikuwa mtu wa makamo, mikono ya shati ameikunja, miwani ameitundika kwa kamba shingoni. Alinyanyuka kumpokea na kumvutia kiti. Ule upole wake ndio uliomtia Bi Folio hofu zaidi.

"Mdogo wako nimezipata habari zake," mpekuzi akaanza. "Anapaka rangi nyumba za watu, anasifiwa, halewi, hana mambo. Sasa nikutoe wasiwasi, mama. Kuwa na ndugu nje si kosa. Nusu ya jengo hili wana ndugu nje. Ninachokitafuta mimi ni kimoja: je, yupo mtu anayeweza kuja kukuambia, nipe karatasi ile, la sivyo nitatoa siri yako? Ndugu uliyemtaja, hakuna wa kukutishia naye. Uliyemficha ndiye anayekuweka mikononi mwa watu. Wewe umemtaja. Nashukuru."

Bi Folio akashusha pumzi. Akadhani yameisha, akaanza hata kumlaumu mama yake moyoni. Kisha mpekuzi akainama, akatoa jalada kutoka chini ya meza. Bi Folio alilitambua kabla halijatua, ile rangi iliyochujuka na ile kamba ya kijani.

"Jina la mdogo wako lilinipeleka kwenye habari za kile chuo, na majalada ya chuo yakanirudisha kwenye stoo yenu hapo chini," mpekuzi akasema. "Daftari linaonyesha jalada hili halijaombwa na mtu tangu liletwe." Akafunua taratibu. Sita. Saba. Nane. Halafu karatasi nyeupe iliyogeuka njano. "Saini ya nani hii, mama?"

"Yangu."

"Imetolewa kwa muda," akasoma. "Muda gani huo?"

Hakuwa anamdhihaki. Angemdhihaki ingekuwa afadhali. Bi Folio akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya plastiki, akatoa barua ndani yake na kuiweka mezani. Mikunjo minne ilikuwa bado inaonekana, na kwenye kona ya juu kulia, tisa, wino mwekundu haujapauka.

Mpekuzi akavaa miwani, akaisoma yote, akavua miwani. "Swali la kumi na tisa uliweka kistari."

"Niliogopa."

"Na leo umekuja nayo ili unipe?"

"Sijui," akasema. "Nilikuja nayo ili niwe nayo."

Mpekuzi akaandika kwa muda. Birika likachemka, likajizima lenyewe, na hakuna aliyelijali. "La zamani huwa tunalipima," akasema hatimaye. "Ulikuwa kijana. Hukulipwa na mtu. Umekaa miaka kumi na tisa bila doa jingine. Kistari chako ni kibaya, tena kibaya sana kuliko barua yenyewe, lakini umekifuta mwenyewe hapa mbele yangu. Yote hayo nitayaandika." Akaweka kalamu chini. "Limebaki moja. Ikija barua kama hii kesho, ukiwa kwenye chumba kile cha juu, na jina la mdogo wako limo. Utafanya nini?"

Jibu alilijua. Mtoto wa darasa la pili angelijua. Nitaipeleka kwa mkubwa. Maneno matatu tu na chumba ni chake, na ni nani angekuja kumhakikisha? Alimwona mpekuzi akimngojea, na akaona kabisa kwamba anamtakia mema, anamsogezea mlango. Akayaweka yale maneno matatu mdomoni. Yakakaa pale yakakataa kutoka.

"Ningeitoa," akasema. "Ningeitoa, halafu ningeweka karatasi ya badala."

"Na saini?"

"Na saini."

Mpekuzi akachukua tena kalamu. "Mimi ningekuachia funguo za nyumba yangu," akasema. "Lakini za chumba kile siwezi." Akaandika mstari mmoja mfupi. Bi Folio alijua kusoma maandishi ya juu chini, kazi ya miaka mingi hiyo, lakini hakutazama.

Ikawa kama wamemaliza. Mpekuzi akaanza kufunga jalada, akasita, akalifungua tena. "Hili halihusu kibali cha chumba kile," akasema. "Wewe pale chuoni uliondoka lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka uliofuata."

"Basi hukuiona hii." Akalisukuma jalada upande wake.

Folio ya kumi na mbili. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba namba imeandikwa kwa wino wa bluu, tena kona ya kushoto, na akakasirika kidogo na karani huyo asiyemjua. Kisha akasoma. Suala la wanafunzi saba limefungwa. Hakuna shtaka dhidi ya yeyote kati yao. Waruhusiwe kurudi na kuendelea na masomo. Akatafuta tarehe. Ilikuwa miezi kumi na minne tu baada ya ile barua yake.

"Hakuna aliyekuwa anamtafuta mdogo wako, mama," mpekuzi akasema kwa sauti ya chini. "Karibu miaka kumi na minane sasa."

Hakulia. Alikaa akiitazama ile tarehe. Kijana angerudi ana miaka ishirini na mmoja, akamaliza kusomea ardhi yake. Angemzika baba yake kwa mikono yake. Mapacha wale wana miaka kumi, na bibi yao anawajua kwa sauti tu. Barua ilikuwa pale, rafu ya tatu, hatua nne kutoka mlango wa stoo, na yeye akipita mbele yake na kusema bado. Kila mwaka, bado. Nani alimzuia mdogo wake kurudi? Si serikali. Ni yeye, dada mtu, aliyeogopa kuandika jina lake kwenye daftari.

"Naomba niirudishe mwenyewe," akasema, akimaanisha folio tisa. Mpekuzi akakubali. Bi Folio akaitoa karatasi ya badala, akaiacha mezani, akaipachika barua mahali pake kati ya nane na kumi. Akafunga kamba ya kijani. Fundo likafunguka. Akalifunga tena, likafunguka tena, na mara ya tatu mpekuzi akamshikia.

Majibu yalitoka baada ya siku kumi na moja. Bahasha ilipitia masjala kama bahasha zote, imefungwa kwa lakiri, inakwenda kwa katibu. Bi Folio aliipokea, akaipiga muhuri wa siku hiyo, akaipeleka juu yeye mwenyewe. Mchana akaitwa kuambiwa kwamba hakukidhi vigezo na kwamba ofisi inathamini utumishi wake. Chumba akapewa mtu kutoka idara nyingine, mgeni kabisa.

Mzee Funguo aliteremka mpaka masjala, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akasimama mbele ya kaunta funguo zikiwa zimenyamaza mkononi. "Binti yangu, ungewaambia tu wanachotaka kusikia."

"Ningewaambia, mzee wangu," akasema, "halafu ningekaa humo na nani?" Mzee akatikisa kichwa, akapanda ngazi zake polepole.

Ikaja Jumapili ya kwanza. Mama alikuwa ameshavaa gauni lake tangu saa saba. Simu ikawekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, na saa tisa na dakika kumi ikalia.

"Shikamoo dada. Mama yupo?"

"Marahaba. Yupo, anakusikia. Watoto?"

"Wananimaliza. Dada, kile chumba umepata?"

"Nimekikataa," Bi Folio akasema. "Hakina dirisha."

Mdogo wake akacheka mpaka akakohoa. Uongo huo ulikuwa umemtoka dada kirahisi, na mwenyewe akashangaa. "Sikiliza," akasema. "Uko wapi?"

"Juu ya ngazi, napaka dari ya mtu."

"Teremka."

"Kuna nini?"

"Wewe teremka kwanza."

Wakamsikia akiteremka, vipandio saba vya mbao, na kopo likiwekwa chini. Bi Folio akavuta kiti karibu na meza. "Jambo lenu limefungwa," akasema. "Wote saba. Hakuna shtaka. Barua nimeiona kwa macho yangu, nimeishika. Unaweza kurudi nyumbani."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Kisha mdogo wake akajikohoza na kuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyelelewa na dada huyu angeuliza kwanza.

"Barua ya lini, dada?"

Alijua njia ya mwongo ni fupi. Mmoja wa wale saba alikuwa mji huuhuu, na siku moja watakutana barabarani, watashikana mikono, watahesabu miaka. Alijua pia ile tarehe, siku, mwezi na mwaka, angeweza kuitaja akiwa usingizini. Akamtazama mama yake na gauni lake jipya. Akakumbuka mkono wake uliokufa ganzi juu ya kaburi la baba, na yule kijana upande wa pili akisikiliza udongo ukidondoka.

"Ya wiki iliyopita," akasema. "Imeingia Jumatatu. Muhuri nimeupiga mwenyewe."

"Mpya kabisa," mdogo wake akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Kwa hiyo hatukuchelewa."

"Hatukuchelewa," akamjibu, kisha akavuta kalamu na karatasi, akaanza kumuuliza wanakuja lini, na wale mapacha wanavaa viatu namba ngapi.